Kompyuta Iliponifundisha Gitaa, na Pale Ilipoishia

Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa Gredi ya 10 liliingia shule za sekondari ya juu nchini Kenya, kila mmoja akiwa amechagua njia moja kati ya tatu: sayansi na hisabati, sayansi ya jamii, au sanaa na sayansi ya michezo. Binti ya dada yangu alichagua sanaa, na ndani ya sanaa akachagua muziki. Tangu hapo simu yangu haipoi. Wazazi wa mitaa ya Free Area na Kiratina, hapa Nakuru, wanaojua kwamba napiga gitaa wananiuliza swali lile lile kwa namna mbalimbali: mtoto anataka gitaa la umeme, mwalimu wa gitaa hapatikani karibu, je, kompyuta itamfundisha? Wengine wamekwisha kuona matangazo ya programu zinazomsikiliza mtoto akicharaza na kumpa alama papo hapo, nao wanataka kujua kama fedha yao itapotea.

Jibu langu huwa refu, kwa kuwa nimejifunza gitaa hapa hapa Free Area kwa msaada wa kompyuta, na najua vizuri ilinipa nini na ilikosa nini.

Katikati ya miaka ya 2000 kanisa letu, jengo la mabati lisilo mbali na barabara kuu ya Nairobi, lilikuwa na gitaa moja la umeme na amplifaya moja. Vyote viwili vilifungiwa kabatini, na ufunguo ulikaa kwa mzee wa kanisa. Sisi vijana tuliruhusiwa kuvitoa Jumamosi alasiri, wakati wa mazoezi ya kwaya, na kila mmoja alingoja zamu yake. Mwalimu hatukuwa naye. Aliyejua kidogo alimwonyesha asiyejua, na kwa kuwa yeye naye alikuwa ameonyeshwa na mwenzake, sote tulipiga kwa mtindo mmoja na kukwama mahali pamoja. Wimbo ukifika kwenye solo, mikono ilisimama.

Aliyenifungulia njia alikuwa fundi wa redio aliyepanga chumba ploti ya pili kutoka kwetu. Ujanani alikuwa amepiga ridhimu katika bendi za baa, Kisumu na hapa Nakuru, enzi ambazo bendi ilipiga hadi alfajiri na mshahara ukategemea mauzo ya bia. Juu ya meza yake ya kazi, kati ya redio zilizofunguliwa matumbo, alikuwa na sanduku la kanda: Shirati Jazz ya Daniel Owino Misiani, Les Wanyika, Franco na T.P.O.K. Jazz, Joseph Kamaru, na nyingine zilizoandikwa kwa kalamu zisizosomeka tena. Alikuwa akiniita "kijana wangu", nami nilimwita Mzee tu, kama alivyoitwa na mtaa mzima.

Nilipomuuliza alijifunzaje bila mwalimu, alinieleza kuhusu santuri. Santuri ndogo za wakati wao zilizunguka mara 45 kwa dakika. Wao waliziweka kwenye kasi ya 33, ile ya santuri kubwa, na wimbo ukapungua mwendo hadi karibu robo tatu. Tatizo ni kwamba sauti nayo ilishuka, zaidi ya nusu-toni tano, kwa hiyo walilazimika kuusaka mstari wa solo mahali pengine kwenye shingo ya gitaa, kisha wauhamishe juu pale ulipopigwa hasa. Walifanya hivyo usiku, baada ya kazi, wakiwa watatu au wanne kuzunguka gramofoni moja. Kizazi kizima cha wapiga gitaa wa Afrika Mashariki kilijifunza rumba ya Kongo kwa masikio ya namna hiyo, na sioni kwamba kimewahi kupewa heshima inayostahili kwa kazi ile.

Sisi wa zama za kanda tulikuwa na hali ngumu zaidi. Kanda haina kasi ya pili. Unarudisha nyuma, unasikiliza, unarudisha tena, na sehemu unayoipenda ndiyo inayochakaa kwanza, mkanda unalegea na sauti inaanza kuyumba. Hapo nilielewa kwamba shida yetu haikuwa ukosefu wa vipaji, kama wazee wa kanisa walivyodhani. Muziki ulikuwa unapita upesi kuliko sikio la mwanafunzi, na hakukuwa na mtu wa kuusimamisha.

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilifika Nakuru mwishoni mwa Januari 2008. Yaliyotokea siku zile yameandikwa na wengine, nami sina haja ya kuyarudia. Mzee aliondoka na jamaa yake kurudi Nyanza. Kabla ya kuondoka alinikabidhi lile sanduku. "Zitunze, kijana wangu," aliniambia. "Mtu asirekodi kitu juu yake." Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Kanda nyingi za muziki wa benga mjini Nakuru zilikwisha kufunikwa na mahubiri na matangazo ya mpira.

Baadaye mwaka huo nilinunua kompyuta ya mezani, ya mitumba, kubwa na yenye kelele. Nilipitisha waya kutoka tundu la hedifoni la redio hadi nyuma ya kompyuta, nikafungua Audacity, programu ya kurekodi ambayo imekuwa ikitolewa bure tangu mwaka 2000. Kanda haina njia ya mkato. Ya dakika 60 inachukua dakika 60, na stima ikipotea katikati unaanza upya. Nilizihamisha moja moja, jioni baada ya kazi, nikiandika jina la kila wimbo nilioutambua.

Kisha nikagundua kile ambacho Mzee na wenzake wangekililia. Ndani ya Audacity kuna chaguo la kubadilisha mwendo bila kubadilisha sauti. Programu inaukata wimbo vipande vidogo sana, inavipanga upya kwa kuvilaza kimoja juu ya ukingo wa kingine, na wimbo unarefuka huku noti ikibaki pale pale ilipokuwa. Niliteua sehemu ndogo ya wimbo wa Shirati Jazz, nikashusha mwendo hadi nusu, nikaiamuru ijirudie. Kilichosikika kilikuwa na mikwaruzo, lakini kilisikika. Nilichokuwa nimekiamini miaka yote kuwa gitaa moja la mtu mwenye vidole vya ajabu kilikuwa magitaa mawili. La kwanza lilicheza noti, likanyamaza, na katika kimya hicho la pili likajibu. Besi haikuwafuata. Ilikuwa na hadithi yake, ikigonga mahali ambapo wote wawili wamepumzika. Wapo wanaosema kwamba mcharazo wa benga umetokana na nyatiti, kinanda cha Waluo chenye nyuzi nane, na nilipousikia kwa mwendo wa nusu sikuhitaji tena kushawishiwa.

Kwa muda mrefu kazi yangu ikawa hiyo: kuanza kwa nusu ya mwendo, kuongeza asilimia tano vidole vinapozoea, kurudi nyuma vinapokosea. Mashine haikuchoka wala kunung'unika, na haikuniuliza kwa nini sehemu ile ile tena. Mtu anayesema kompyuta haiwezi kumfundisha mtu gitaa ajaribu kwanza jambo hili moja. Hakuna mwalimu, hata mwenye upendo kiasi gani, anayeweza kukupigia mstari mmoja polepole usiku kucha.

Nyimbo nilizozipata nilianza kuziandika. Kuna programu ya Kifaransa iitwayo Guitar Pro, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1997, inayoandika muziki kwa mistari sita ya nyuzi za gitaa na kukupigia ulichokiandika. Mimi nilitumia ndugu yake wa bure, TuxGuitar. Intaneti ilikuwa na maelfu ya nyimbo za rock zilizokwisha kuandikwa na vijana wa ng'ambo. Nyimbo nilizozitaka mimi sikuzipata, basi nikaanza na ridhimu ya "Sina Makosa" ya Les Wanyika, ile iliyochezwa na Omar Shabani. Kuandika kulinilazimisha kuamua. Noti hii inaanguka juu ya pigo au kabla yake? Uzi huu umeachwa ulie au umezimwa? Mpiga gitaa anaweza kupita juu ya maswali hayo kwa miaka akibahatisha, lakini ukurasa haukubali kubahatisha.

Gitaa langu mwenyewe lilipopatikana, ukaja mtihani wa ploti. Vyumba kumi na viwili vinatazamana, ukuta ni mmoja, mwenye ploti anaishi chumba cha mbele, na jirani ana mtoto mchanga. Amplifaya hapo haiwezekani. Nikachomeka gitaa moja kwa moja kwenye tundu la maikrofoni la kompyuta, nikavaa hedifoni, nikakutana na mambo mawili ambayo hadi leo yanawakatisha tamaa vijana wengi wakidhani hawana mkono.

La kwanza ni sauti kufifia. Gitaa la umeme hutoa umeme mdogo sana, na linahitaji tundu lenye ukinzani mkubwa, wa kama ohmu milioni moja. Tundu la maikrofoni la kompyuta ya kawaida lina ohmu elfu chache, kwa hiyo linaumeza ule mng'ao wa juu wa nyuzi na kuacha sauti butu kama ya ndani ya blanketi. Dawa yake ni kadi ndogo ya sauti ya nje, yenye tundu lililotengenezwa kwa gitaa.

La pili ni sauti kuchelewa, nalo ndilo baya. Kompyuta haipitishi sauti kama waya. Inaikusanya kwanza kwenye ghala dogo, kisha inaitoa. Ghala likiwa la sampuli 1,024, na kompyuta inachukua sampuli 44,100 kwa sekunde, sauti inachelewa karibu milisekunde 23 ikiingia na nyingine 23 ikitoka. Kwa jumla ni muda ambao sauti hutumia kusafiri hewani mita 15 na ushee. Yaani unapiga gitaa hapa, na amplifaya iko nje ya lango la ploti. Mkono unasubiri sauti, sauti inausubiri mkono, na mwendo unazidi kushuka. Nilikaa na hali hiyo muda mrefu kabla kijana mmoja wa duka la kompyuta mjini kunionyesha programu ndogo ya bure, ASIO4ALL, na namna ya kupunguza ghala hadi sampuli 128. Siku hiyo vidole vyangu vilirudi kuwa vyangu. Nalisimulia hili kwa urefu kwa sababu wazazi huniambia, "Mtoto amejaribu kwa kompyuta, hana kipaji," nami huomba kwanza nikaitazame hiyo kompyuta.

Zikaja sasa programu za masomo, zile zenye rangi. Noti zinatiririka kwenye kioo, unacharaza, mashine inasikiliza, ukipatia kunawaka kijani na ukikosea nyekundu. Nilitumia mojawapo kwa bidii, na haki yake naitoa: ilininyoosha kidole cha mwisho, ambacho wengi wetu tuliojifunzia kanisani tumekiacha kivivu, na ilinizoesha kubadilisha mshiko bila kutazama mkono. Mtoto anayeanza kabisa atapata faida kubwa humo.

Lakini nilipoizoea, nilianza kucharaza kama nilivyojifunza kutoka kwenye kanda, kuiwahisha noti kidogo mbele ya pigo ili wimbo usukumike, na kugusa nyuzi zilizozimwa katikati ya noti ili mkono wa kulia usilale. Kioo kilijaa nyekundu. Kwa ratiba iliyowekwa ndani ya programu ile, nilikuwa nimewahi na nimeongeza noti zisizotakiwa. Katika orodha ya nyimbo zake niliona rock, blues na pop za Marekani na Uingereza. Benga haikuwamo, wala rumba. Mashine haikuwa na chuki na muziki wetu. Ilikuwa haijawahi kuusikia, na ikahukumu kwa ule inaoujua. Mtu mzima anaweza kulipuuza jambo hilo. Mtoto wa Gredi ya 10 atarekebisha mkono wake hadi kijani kiwake, na atakuwa amefuta, bila kujua, kile ambacho babu yake angekitambua kama muziki.

Kanisani nako nilikuwa na la kujifunza. Nilikuwa nimefanya mazoezi na metronomu ya kompyuta hadi mwendo wangu ukawa imara, nikaenda kwenye kesha nikiwa nimejiandaa vizuri. Kiongozi wa sifa alianza wimbo kwa ki yake mwenyewe, akaupandisha katikati bila kutoa ishara, akarudia kiitikio kwa sababu kina mama wa safu ya mbele walikuwa wakilia na kuomba, akapunguza mwendo, akauongeza. Mpiga ngoma alimfuata kwa macho. Mimi nilifuata hesabu iliyokuwa kichwani. Mwenye kinanda alininong'oneza, "Ndugu, mtazame mdomo." Nikamtazama mdomo. Nilijifunza usiku ule kwamba kuna sehemu ya gitaa ambayo iko nje ya gitaa, katika pumzi ya mtu anayeimba, na hiyo hupatikana kwa kukaa na watu.

Mwaka 2019 kampuni ya Deezer ya Ufaransa ilitoa bure programu ya Spleeter, inayochukua wimbo uliokwisha kurekodiwa na kuutenganisha: sauti za waimbaji upande wao, ngoma upande wake, besi upande wake. Zimefuata nyingine nzuri zaidi, na sasa vijana wa mtaani wanafanya kazi hiyo kwa simu wakiwa stendi wanangoja matatu. Niliposikia habari zake nilitoa zile faili za kanda za Mzee kwa pupa. Nilidhani hatimaye nitamsikia mpiga ridhimu peke yake.

Besi ilitoka safi, na waimbaji nao. Kisha nikafungua faili ya mwisho, na magitaa yote yalikuwa humo, yamesokotana vile vile. Spleeter hutenga wimbo katika mafungu mawili, manne au matano. Katika yale matano kuna fungu la piano, lakini gitaa halina fungu. Linatupwa katika "mengineyo". Programu kadhaa za baadaye zimeongeza fungu la gitaa, ila nyingi huweka magitaa yote katika fungu moja. Kwa muziki ambao gitaa ni pambo hilo linatosha. Kwa muziki wetu, ambamo solo, mi-solo (gitaa la kati) na ridhimu ndiyo mazungumzo yenyewe, umetengewa kila kitu isipokuwa kile ulichokuja kukitafuta. Katika rekodi chache za stereo nilipata nafuu kwa kuvaa upande mmoja wa hedifoni, kwa kuwa waliorekodi waliweka gitaa moja kushoto na lingine kulia. Nyingi hazikunipa hata hilo.

Ndipo nikafunga safari hadi kwa Mzee, na kompyuta ya mkononi begani. Nilimkuta amezeeka lakini masikio yapo. Nilimpigia kanda zake kwa mwendo wa nusu, akasikiliza kwa muda bila kusema neno, kisha akaomba gitaa. Nilimwonyesha ridhimu niliyokuwa nimeiandika na kuifanyia mazoezi kwa miaka. Akatikisa kichwa. "Noti ni zenyewe," akasema. "Lakini hapa unazima kwa kidole. Sisi tulizima kwa kiganja, hapa mwisho wa nyuzi, na kiganja hakiondoki." Akapiga. Mstari ule ule, na sasa ulikuwa wimbo. Hakuna faili iliyoweza kunionyesha kiganja kile, kwa sababu hakuna aliyewahi kukiweka katika faili.

Nilimwomba apige ridhimu peke yake, bila kuimba, polepole na kisha kwa kasi yake, nikarekodi kwa simu nikiwa nimeielekeza kwenye mkono wake wa kulia. Ni rekodi ya kawaida, kuku wanasikika nyuma. Nimeitumia kuwafundisha vijana wengi Free Area kuliko programu yoyote niliyowahi kuilipia. Wanaiweka kwenye kompyuta, wanaipunguza mwendo, wanairudiarudia, wanafuata.

Kwa hiyo mzazi anayeniuliza namwambia anunue gitaa, kadi ndogo ya sauti, na hedifoni. Aweke Audacity, ambayo haitamgharimu chochote. Programu ya rangi amwachie mtoto miezi ya mwanzo, kisha amtafutie mtu wa kukaa naye, hata kama ni mpiga gitaa wa kanisani au wa muziki wa mugithi, mara moja kwa wiki.

Ombi langu kubwa, hata hivyo, si kwa wazazi. Misiani alifariki mwaka 2006, Kamaru mwaka 2018, na rekodi zao tulizonazo ni za bendi nzima. Wapo bado waliocheza na magwiji wa aina yao, wengine wanaendesha bodaboda, wengine wanalima Njoro, Subukia na Molo. Ninyi mliopiga ridhimu, solo au besi katika bendi za Nakuru, Gilgil na Naivasha, ketini na kijana mwenye simu. Pigeni sehemu zenu moja moja, kila gitaa peke yake, polepole na kwa kasi, mkono uonekane. Walimu wa muziki wa kaunti hii, zipokeeni rekodi hizo na muziweke katika kompyuta za shule. Na mwenye kanda za benga ndani ya nyumba, hata zilizolegea, asizitupe. Azilete Free Area tuzihamishe, mashine bado ninayo.